Uzungu wa Calcutta: Nani Aliuita, Nani Aliulipia

Tarehe 20 Januari 1817, katika nyumba ya kupanga kwenye mtaa wa wenyeji mjini Calcutta, wavulana wapatao 20 walianza masomo katika shule iliyoitwa Hindu College. Serikali ya Kampuni ya East India haikuijenga. Fedha za kuianzisha, zaidi ya rupia laki moja, zilichangwa na matajiri wa Kihindu wa mji huo ili watoto wao wasome Kiingereza na elimu ya Ulaya. Haikupita miaka 15 kabla ya vijana waliotoka pale kuugawa mji mzima kwa ugomvi. Karne ilipokwisha, Calcutta ilikuwa na riwaya na magazeti kwa Kibengali, majumba ya tamthilia, vyama vya siasa, timu za soka na daktari wa kike.

Je, watu hawa walivishwa Uzungu, au walijivika wenyewe? Nimelifikiria swali hili muda mrefu, na kila nikijaribu kuliandika kwa sauti moja naona nimemnyamazisha mtu mwenye haki ya kusema. Kwa hiyo nimeligawa kwa sauti tatu za ukoo mmoja: Mjomba, mwalimu mstaafu wa historia, dada yake, ambaye ni Mama, mkunga mstaafu, na binti wa Mama huyo, Mpwa, mwandishi wa tamthilia. Mimi nitaingia kati pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MJOMBA: Tuanze na karatasi, maana wakoloni walikuwa watu wa karatasi. Tarehe 2 Februari 1835 Thomas Babington Macaulay, mjumbe wa baraza la Gavana Mkuu, aliandika waraka juu ya elimu ya Wahindi. Alitaka fedha za serikali zifundishe kwa Kiingereza, na hakuficha shabaha yake: kuunda tabaka la wakalimani kati ya watawala na mamilioni waliotawaliwa, watu ambao damu na rangi yao ni ya India, lakini ladha, mawazo na maadili yao ni ya Uingereza. Bwana huyu hakujua Kisanskriti wala Kiarabu, na alikiri hivyo mwenyewe. Hata hivyo aliona rafu moja ya maktaba nzuri ya Ulaya inashinda maandishi yote ya India na Arabuni. Mwezi uliofuata Gavana Mkuu Bentinck akaupitisha. Mwaka 1837 Kiajemi, lugha ya mahakama kwa karne nyingi, kikapoteza nafasi yake. Mwaka 1844 Gavana Mkuu Hardinge akatangaza kwamba katika ajira za serikali waliosoma Kiingereza watangulizwe. Mwenye ufunguo wa ghala, mwanangu, hana haja ya kumpiga mwenye njaa ili aimbe wimbo anaoutaka.

MPWA: Shikamoo kwanza, Mjomba, maana leo nitakupinga sana. Hebu zitazame tarehe zako. Macaulay anaandika 1835, na Hindu College imeshatimiza miaka 18. Mwaka 1823 msomi Mbengali Rammohan Roy alimwandikia Gavana Mkuu Amherst kupinga mpango wa serikali wa kufungua chuo cha Kisanskriti. Alitaka fedha hizo ziajiri walimu wa hesabu, fizikia, kemia na anatomia. Na Roy hakuwa mtu aliyekosa elimu ya kwao. Alibobea katika Kisanskriti, na kitabu chake cha mwanzo juu ya umoja wa Mungu alikiandika kwa Kiajemi, akakitia utangulizi wa Kiarabu. Serikali ilimjibu vipi? Ilifungua chuo cha Kisanskriti mwaka uliofuata. Enzi hizo Waingereza wengi wenye cheo waliona heri Wahindi wabaki na elimu yao ya kale. Warren Hastings alikuwa ameanzisha Madrasa ya Calcutta, William Jones naye Asiatic Society mwaka 1784. Waliobisha hodi wakitaka Kiingereza walikuwa wenyeji.

MJOMBA: Wenyeji gani? Wote?

Swali zuri, na jibu lake lina jina ambalo wengi hulisahau. Radhakanta Deb alikuwa mkuu wa Wahindu wahafidhina wa Calcutta. Serikali ilipopiga marufuku uchomaji wa wajane mwaka 1829, yeye aliongoza waliopinga marufuku hiyo, wakaunda chama cha Dharma Sabha mwaka 1830. Roy alikuwa upande wa pili, na wawili hao waligombana hadharani. Lakini Radhakanta Deb huyo huyo alikuwa miongoni mwa wakurugenzi wa Hindu College, aliijua lugha ya Kiingereza vizuri, na alitumia miaka mingi ya maisha yake kutunga kamusi kubwa ya Kisanskriti. Kwake, Kiingereza cha mtoto hakikuwa na ugomvi wowote na ibada ya mtoto. Alidhani vyumba viwili vya nyumba moja vinaweza kukaa bila mlango kati yake. Vijana wa shule yake walimwonyesha kwamba mlango upo.

MPWA: Na aliyeufungua ni Henry Louis Vivian Derozio. Mzaliwa wa Calcutta, mtu wa damu mchanganyiko, mshairi, ameajiriwa Hindu College mwaka 1826 akiwa na miaka 17. Wanafunzi wake wakubwa walikuwa karibu rika lake. Aliwafundisha kwamba hakuna jambo lisiloulizwa, hata kuwepo kwa Mungu, na jioni waliendelea kubishana katika chama chao cha mijadala. Vitabu vya Thomas Paine vikagombaniwa mjini. Mjomba, Paine! Mtu aliyewatetea Wamarekani walipoliasi taji la Uingereza, akaja kuhukumiwa London kwa uchochezi akiwa hayupo. Gavana gani angeagiza somo hilo? Aprili 1831 wakurugenzi wakamwondoa Derozio chuoni, na waliolitaka sana jambo hilo ni Wahindu wenyewe, wazazi na wazee wa mji. Desemba mwaka huohuo kipindupindu kikamuua. Alikuwa na miaka 22.

Katikati ya miezi hiyo, Agosti 1831, marafiki wa Krishna Mohan Banerjee, mmoja wa vijana wa Derozio, walikula nyama ya ng'ombe nyumbani kwake, mwenyewe akiwa hayupo, kisha wakatupa mabaki katika nyumba ya jirani Mbrahmini. Krishna Mohan alifukuzwa na jamaa zake. Mwaka uliofuata akabatizwa. Sasa tazama mifupa ile ilirushwa wapi. Hawakumrushia Mzungu, walimrushia jirani. Mimi nasema Uzungu uliingia Calcutta kupitia ugomvi wa Wabengali wenyewe kwa wenyewe. Mwana alikuwa na la kumwambia baba, mke kwa mume, mwenye tabaka la chini kwa Mbrahmini, na ulipotokea msamiati mpya wa kugombania waliukamata kwa mikono miwili.

MJOMBA: Umesema vizuri, na mimi sitakataa kwamba walikuwa na ugomvi wao. Lakini ulianza na rupia laki moja, ukazipita haraka. Zilitoka wapi? Mwaka 1793 Lord Cornwallis aliweka Mkataba wa Kudumu wa ardhi ya Bengal. Zamindari, yaani bwana shamba, atailipa Kampuni kodi isiyopanda, kisha yeye atamtoza mkulima. Akishindwa kulipa kwa siku iliyowekwa, ardhi inapigwa mnada. Koo nyingi za zamani ziliporomoka, na wanunuzi mnadani wakawa watu wa Calcutta: mawakala wa Kampuni, wafanyabiashara, madalali waliotajirika kwa kuwahudumia Waingereza. Wakakaa mjini, kodi ikaja kutoka mashambani. Mkulima wa Bengal ya mashariki, Mwislamu aghalabu, ndiye aliyelipia vitabu vya Paine, na mwanawe asingeweza kuketi katika shule ile, maana iliwapokea wavulana wa Kihindu tu hadi ilipogeuzwa kuwa Presidency College mwaka 1855. Kwa hiyo ukisema wenyeji walijichangia, nami nakuuliza: waliochangia ni wale waliotoa fedha, au wale waliokamuliwa?

Hapo sina la kumtetea Mpwa. Wanaoisifu Calcutta ya karne ya 19 kama mwamko huzungumza sana juu ya vichwa vya watu na kidogo sana juu ya mashamba. Hata Waislamu wa mjini walilazimika kuanza nyuma. Kiajemi kilipotoka mahakamani, elimu ya koo zao ilipoteza soko, na ilifika mwaka 1863 ndipo Nawab Abdul Latif alipoanzisha Mohammedan Literary Society kuwavuta Waislamu wenzake kwenye elimu ya Kiingereza.

MAMA: Nyie wawili mnazungumzia vitabu. Mimi nimeshika watoto wakizaliwa, niacheni niseme juu ya mwili. Chuo cha tiba cha Calcutta kilifunguliwa mwaka 1835. Mwaka 1836 Madhusudan Gupta alichukua kisu akapasua maiti ya binadamu. Alikuwa mtu wa ukoo wa waganga, amewahi kufundisha tiba ya Kihindu katika chuo cha Kisanskriti. Kwa Mhindu wa tabaka lake kugusa maiti ilikuwa najisi kubwa. Inasemekana mizinga ilipigwa katika ngome ya Fort William kumpongeza. Kaka, mtu hawezi kushonwa tumboni na aliyeogopa kutazama ndani ya tumbo. Hilo halina Uzungu wala Uhindi.

MJOMBA: Dada, nakubali kisu. Lakini uliza kilichofungwa siku chuo kile kilipofunguliwa. Kulikuwa na taasisi ya tiba ya wenyeji tangu 1822, ikifundisha kwa lugha za nchi, tiba ya Ulaya pamoja na ile ya vitabu vya Kiislamu na vya Kihindu. Na chuo cha Kisanskriti kilikuwa na darasa la tiba, humo humo alimofundisha Gupta. Mwaka 1835, mwaka wa Macaulay, vyote viwili vikafungwa. Njia ya tatu ilikuwepo, watu wakiitembea, ikazibwa. Kinachoniuma ndicho hicho. Mpwa wangu anazungumza kana kwamba Wabengali waliteua kati ya njia zote. Waliteua kati ya zilizobakizwa.

MPWA: Hapo umenigusa, Mjomba. Sina jibu la hilo. Ila tazama walichofanya na njia iliyobaki. Michael Madhusudan Dutt alisoma Hindu College, akaota kuwa mshairi wa Kiingereza huko Uingereza. Mwaka 1843 akabatizwa, akafarakana na jamaa zake. Mwaka 1849, akiwa Madras, akachapisha utenzi kwa Kiingereza. Haukumpa umaarufu alioutaka. Drinkwater Bethune, ofisa Mwingereza mwenye cheo, alishauri kwamba kijana huyu angefaa zaidi kuandika kwa lugha yake. Alirudi Calcutta, akaingia katika Kibengali ambacho alikuwa amekipa kisogo, na mwaka 1861 akatoa Meghnadbadh Kavya. Kisa ni cha Ramayana, utenzi wa kale wa Kihindu, lakini moyo wa shairi uko kwa Meghnad, mwana wa Ravana, upande wa walioshindwa. Mashairi yasiyo na vina aliyajua kwa Milton, na sauti ya kishujaa kwa Homer, akavifanya viseme Kibengali kwa namna ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Soneti pia aliileta yeye.

MJOMBA: Na mwisho wake?

MPWA: Alikwenda Uingereza kusomea sheria, akakwama Versailles na familia yake, madeni yamemzidi. Aliyemtumia fedha ni Ishwar Chandra Vidyasagar. Akarudi, akafa maskini Calcutta mwaka 1873.

Jina hilo la Vidyasagar lisipite hivi hivi, kwa kuwa kwangu ndiye mtu mkubwa kuliko wote wanaotajwa hapa. Mbrahmini kutoka kijiji maskini, mwalimu wa Kisanskriti, mkuu wa chuo cha Kisanskriti, mtu aliyevaa dhoti, shuka ya begani na ndara hadi kufa kwake. Kiingereza alijifunza ukubwani. Alipopigania wajane wa Kihindu waruhusiwe kuolewa tena, hakutumia Paine. Alifungua vitabu vitakatifu vya Kihindu vyenyewe akatoa hoja humo, na wahafidhina wakaleta ombi la kumpinga lenye sahihi nyingi kuliko lake. Sheria ikapita mwaka 1856. Mtu huyu anamsumbua Mjomba na anamsumbua Mpwa. Hakuvaa kitu cha Ulaya mwilini, lakini wazo kwamba serikali itunge sheria ya ndoa na umma uombe kwa sahihi lilikuwa la zama mpya. Na hoja ilikuwa ya kale. Ukimwita amepokea Uzungu utakuwa umesema uongo, na ukimwita hakupokea pia utakuwa umesema uongo.

MJOMBA: Umemtaja, nami nina kisa chake. Mwaka 1874 Vidyasagar alikwenda Asiatic Society, iliyokuwa katika jengo moja na jumba la makumbusho. Mlangoni akaambiwa avue ndara. Wahindi waliovaa viatu vya Kizungu walipita navyo. Akageuka akaondoka, kisha akaandika barua ya kulalamika. Hiyo ndiyo Calcutta yako, mwanangu. Jifanye Mzungu miguuni upite mlango wa kwanza. Mlango wa pili hautapita kwa kiatu chochote. Bengal Club ilianzishwa 1827, na Mhindi hakuwa mwanachama hadi Waingereza walipokwisha kuondoka. Utumishi wa juu wa serikali ulikuwa wazi kwa wote kwa maneno, lakini mtihani ulifanyiwa London tu hadi 1922. Wahindi walipoanza kufaulu, serikali ikaamua mwaka 1876 kushusha umri wa juu wa watahiniwa kutoka 21 hadi 19. Kijana wa Calcutta asome kwa lugha ya kigeni, avuke bahari, afanye mtihani kabla ya miaka 19. Mwaka 1883 likaja pendekezo la sheria la Ilbert, kwamba mahakimu Wahindi waweze kuhukumu Wazungu mashambani, na Wazungu wa Calcutta wakafanya ghasia mpaka sheria ikapunguzwa makali. Kadiri Mhindi alivyofanana nao, ndivyo walivyozidi kuudhika. Na watu wa kwao nao walimcheka. Wachoraji wa mtaa wa Kalighat walimchora kijana wa mjini ameketi kitini, nywele za mawimbi, viatu vya kung'aa, mwanamke amemkalia. Alibaki bila upande.

MPWA: Bila upande, lakini akaunda jukwaa. Hapo ndipo nakuomba utulie, Mjomba. Jukwaa la tamthilia kwa mtindo wa Ulaya liliingia Calcutta mapema. Mwaka 1848 Mbengali, Baishnav Charan Auddy, aliigiza Othello kwa Kiingereza katika Sans Souci, ukumbi wa Wazungu. Ungesema kilele cha kuiga. Miaka 12 baadaye Dinabandhu Mitra aliandika Nil Darpan, tamthilia juu ya Wazungu waliowalazimisha wakulima wa Bengal kupanda nili. Mmisionari James Long aliyeichapisha kwa Kiingereza alifungwa mwezi mmoja mwaka 1861 na kutozwa faini ya rupia 1,000, na aliyeilipa ni mwandishi Kaliprasanna Singha. Desemba 1872 National Theatre, jukwaa lililouza tiketi kwa umma, lilifunguliwa kwa tamthilia hiyo hiyo. Mwaka 1876 serikali ikatunga sheria ya kudhibiti tamthilia. Mkulima wako, Mjomba, alipata mtetezi jukwaani, na jukwaa lilitoka Ulaya.

MJOMBA: Alitetewa dhidi ya mpanda nili Mzungu. Dhidi ya zamindari aliyekaa kiti cha mbele, je?

MPWA: Kidogo mno. Nakubali.

Kuna kitu kimoja ambacho kimefika mpaka pwani yetu, na nakitaja kwa sababu kinaonyesha kazi ya mikono ambayo mabishano haya huisahau. Hamoniamu ni chombo cha Ufaransa. Alexandre Debain alikisajili Paris mwaka 1842. Hewa yake ilipigwa kwa miguu, mpigaji ameketi kitini. Mwimbaji wa Kibengali huketi mkekani. Katika robo ya mwisho ya karne hiyo, mtengeneza ala wa Calcutta, Dwarkanath Ghose, alihamisha mvukuto nyuma ya sanduku ili mkono wa kushoto upige hewa na wa kulia ucheze nyimbo. Ikafaa sakafuni, ikabebeka, ikasambaa India nzima, ikavuka bahari hadi kwenye taarabu ya Mombasa. Wapo waliochukia. Mshairi Tagore hakuipenda, na redio ya serikali ya India iliipiga marufuku mwaka 1940, kwa kuwa sauti zake zilizopangwa haziwezi kuteleza kati ya noti kama muziki wa Kihindi unavyotaka. Marufuku hiyo ilidumu hadi 1971. Hoja hiyo ilikuwa ya haki. Watu waliendelea kuipiga majumbani.

MAMA: Nirudi kwa wanawake, maana mmewataja kama wajane na mimi sikuwajua kama wajane tu. Kadambini Ganguly alihitimu shahada mwaka 1883 pamoja na Chandramukhi Basu. Kisha akasomea udaktari Calcutta, akafanya kazi, akaenda Scotland kuongeza masomo ilhali ana watoto. Gazeti la wahafidhina likamwita malaya kwa mafumbo. Yeye na mumewe wakaenda mahakamani, mhariri akafungwa. Mahakama ya nani? Ya Mwingereza. Alitumia iliyokuwepo. Na Begum Rokeya, binti wa Kiislamu, baba hakutaka asome Kibengali wala Kiingereza. Kaka yake alimfundisha usiku kwa mwanga wa mshumaa, wakubwa wakiwa wamelala. Mwaka 1911 akafungua shule ya wasichana Calcutta, akipita nyumba kwa nyumba kuwaomba wazazi. Gari la shule lilifunikwa kabisa, wasichana wakakosa hewa hata kuzimia. Lilipotiwa pazia, barua zikaja kumlaumu kwamba pazia linapepea na stara imevunjwa. Kaka, barua hizo hazikuandikwa na Macaulay.

MJOMBA: Baba yake Rokeya alikuwa zamindari wa Pairaband, dada. Hata mshumaa ule ulinunuliwa kwa kodi ya wakulima.

MAMA: Sikatai. Lakini baba mwenye kodi hakutaka uwashwe, na Mzungu hakuwa na habari nao. Waliouwasha ni kaka na dada yake. Hao wawili umewaweka wapi katika hesabu yako?

MJOMBA: Sijawaweka. Nitawaweka, ila si juu ya wakulima.